Fundi Betri Aliyetaka Nianze Asubuhi

Fundi betri hakukuuliza gari lako lina nini. Alikuuliza umeamka saa ngapi.

Wageni walidhani ni utani. Mtu amekuja mbio, ameacha gari lake na nyanya zinaivia juani, anasema, "Fundi, stata haizungushi." Fundi anajifuta mikono taratibu, anavuta debe, anakaa. "Anza asubuhi. Ulipoamka ulifanya nini?" Mwenye nyanya anasema hakuja kuungama. "Basi kaungame kwa padri kwanza, urudi ukiwa mwepesi," anajibiwa. Na hapo fundi hasogei mpaka ahadithiwe siku nzima: nani alishika gari, redio ilipiga mpaka saa ngapi, mlango upi haufungi vizuri, watoto walicheza wapi. Mara nyingi hadithi ikiwa haijafika hata saa nne, fundi alikuwa ameshasimama. Ameshapata.

Mimi nilimpelekea asubuhi zangu kwa miezi kadhaa, na zote zilikuwa na tundu mahali palepale. Hilo nitalifikia. Natamani nisingelifikia.

Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara iendayo Magu, mabati matatu na nguzo nne, na ndani yake betri zimepangwa sakafuni zikichemka kidogo kidogo kwenye chaji, zinanuka kama mayai yaliyosahauliwa. Alikuwa anatoka Mkolani kila siku kwa baiskeli, anaukatiza mji mzima. Kuendesha gari hakujua. Watu waliokuja na malori makubwa walicheka wakisikia hivyo, naye akawaambia daktari wa wajawazito naye hajawahi kuzaa.

Alivaa nailoni tu. Shati la nailoni, suruali ya nailoni, kwenye jua letu hilo. Asidi inakula pamba, alisema, nailoni inaiheshimu. Katika mkoa ambao nusu ya watu tulisomeshwa kwa pamba, yeye alikuwa mtu pekee niliyemjua ambaye hakuwa na uzi wake mwilini. Akikaa aling'aa kama sufuria.

Salamu alizidai. Hata ukiwa na tumbo la mwenye mabasi, kama wewe ni mdogo kwake unaanza na shikamoo, na usipoanza, betri yako inakaa pale mpaka ukumbuke. Nilimwona mfanyabiashara mmoja wa vipuri wa mjini, mtu mkubwa, amesimama dakika nzima asijue kosa lake. Akaja kunong'onezwa na mpita njia.

Na maji. Hapo ndipo alipokuwa mtu wa ajabu. Betri zake hazikunywa maji ya bomba wala ya ziwa. Zilikunywa maji ya mvua, na si ya mvua yoyote. Mvua ya kwanza ya msimu aliiacha ipite, ioshe hewa. Ya pili na ya tatu aliikinga kwa mabeseni ya plastiki uwanjani, mbali na bati, kwa sababu bati lina chuma. Aliyachuja kwa kitambaa, akayatia kwenye chupa za kioo, akazifunga vizibo. Halafu yeye mwenyewe akipata kiu alichota kwenye ndoo maji ya ziwa yasiyochemshwa, yenye rangi ya chai ya maziwa, akayanywa yote. Nilipomuuliza alisema, "Mimi tumbo linajua la kufanya. Betri haina tumbo."

Kwake hapakuwa na umeme. Mtu aliyewasha nusu ya magari ya Mwanza alisoma barua zake kwa kibatari.

Sasa mimi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu, Mama Kabula, husema nikifungwa nitakuwa mfungwa wa mfano, kwa kuwa siku ya kutoka nitaomba nibaki. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na elimu hiyo imenisaidia sana kujua vitu nusu. Kiwanda nilichofanyia kazi kilipouzwa tukapunguzwa kazi, kila mtu na kiinua mgongo chake. Wenzangu walikimbilia mitumba, vioski, sangara. Mimi nilinunua pikapu iliyokwishatumika, imeletwa kwa meli, ina kibandiko cha maandishi ambayo mtaa wetu wote wa Kiseke haukuweza kuyasoma. Kisha nikaiegesha nyumbani. Watu walisema baba Kabula amenunua gari la kulitazama.

Walikuwa sahihi, ila hawakujua ninalitazamia nini. Binti yetu Kabula, mwenye miaka minane wakati ule, alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Ukimwona anacheza rede hungejua. Halafu siku moja, bila kubisha hodi, mifupa inaanza kumuuma mpaka anauma shuka, homa inapanda, macho yanageuka manjano. Daktari alituambia neno moja: akibanwa, msisubiri, mleteni. Kabla ya pikapu nilikuwa namfunga mgongoni kwa kanga ya mama yake, napanda baiskeli, nateremka mpaka barabara kuu, nasimama nikipungia kila chenye magurudumu. Mara mbili tulifika amelegea. Kwa hiyo lile gari halikuwa gari. Lilikuwa mimi, ila lenye miguu bora.

Na lilikuwa linakufa betri.

Nyumba yetu iko mlimani, katikati ya mawe, kama nyingi za Kiseke. Ungeyajua magari yenye betri mbovu kwa kuyatazama tu: yote yalilala yameinamisha pua bondeni, yakisubiri kusukumwa. Langu nililiinamisha kuliko yote. Ndivyo watu wa milimani tunavyofanya: betri ikikataa, unaachia breki, gari linateremka lenyewe, unaingiza gia, linakohoa, linawaka. Nilijiona nimepanga vizuri kama jenerali.

Mara ya kwanza nilipompelekea fundi betri ile, nilianza asubuhi kama alivyotaka. Nikamwambia: naamka, napiga mswaki, namtazama mtoto kama anapumua vizuri, kisha nawasha gari nione kama linawaka. Likiwaka nalizima, nisimalize mafuta.

"Kila siku?"

"Kila siku, Fundi."

"Unamwamsha mtu kumuuliza kama amelala vizuri," alisema. "Kila ukiwasha unaitoa betri jasho, halafu unazima kabla haijala. Gari hili linafika wapi?"

"Dukani."

"Lipeleke Magu mara moja kwa wiki. Likatembee. Na wewe ukatembee, umepauka kama mtu wa gereji ya ndani."

Akaichaji. Nikaahidi Magu. Kusema kweli nilifika nusu ya njia, nikamwazia mtoto nyumbani na mama yake peke yao, nikageuza. Wiki iliyofuata fundi aliniuliza, "Magu mchele unaendaje?" Nikamwambia umepanda kidogo. Akanitazama. Nadhani aliujua mchele wangu ni wa wapi.

Lakini tundu lenyewe halikuwa hilo. Baada ya mwezi betri ikalala tena. Nikaibeba tena. Safari hii alitoa kile kipimo chake, mrija wa kioo wenye mpira wa kuminya juu, akavuta maji kutoka kwenye kila chumba cha betri. Ndani ya mrija kuna kitu kidogo kinachoelea. Kikielea juu asidi ina nguvu, kikizama imekuwa maji. Kilizama vyumba vyote sita.

Pale pale alikuwa ametoka kumkaripia dereva mmoja aliyefungua betri yake na kuiongeza maji ya kisima. "Kifuniko cha betri yangu anafungua nani? Mimi. Basi." Dereva alikuwa anafuta uso na watu wanacheka. Ndipo fundi akanigeukia mimi, kipimo mkononi.

"Baba Kabula. Wewe umefungua?"

"Hapana, Fundi."

Ilitoka kabla sijaifikiria. Ukweli ni kwamba kila asubuhi, baada ya mswaki na kabla ya ufunguo, nilikuwa nafungua boneti, natoa vile vifuniko sita, nachungulia. Kitabu cha shule kilisema maji yafunike vibamba vya risasi vilivyomo ndani, na mimi kila siku niliviona upande mmoja viko wazi, vimekauka. Basi naongeza. Maji ya mvua, niliyoyakinga mwenyewe kwa beseni la plastiki, mbali na bati, kama yeye. Nilikuwa mwanafunzi wake bora, ila kwa siri. Na baada ya kusema hapana mara moja, nikalazimika kusema hapana kila mara. Uongo wa namna hiyo unakuwa kama mgeni wa wiki mbili, ukishamkaribisha huwezi kumuuliza anaondoka lini.

Akaitoa asidi yote, akatia mpya. Mwezi na nusu, ikalala. Akapima, ikawa maji tena. Nikamwona anaanza kuhangaika. Mtu yule ambaye hakuwahi kujishuku alikaa kwenye debe lake, akaigeuza ile chupa ya asidi juani, akainusa. Akasema labda aliyemuuzia amemchanganyia. Mbele yangu akamwaga madumu mawili mazima kwenye shimo nyuma ya kibanda, udongo ukatoa povu, akaenda kutafuta muuzaji mwingine ili anijazie upya. Na mimi nimesimama pale, nimefunga mdomo, naangalia povu. Nilijiambia kuwa maji hayawezi kuwa ndiyo sababu, maana maji ni kitu kizuri.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Kabula alikuwa barazani anamenya karanga na mama yake. Bakuli likamdondoka mkono wa kushoto. Tukacheka, tukamwambia aziokote. Hakuziokota. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, na macho yake yalikuwa yananiuliza kitu ambacho ulimi ulishindwa kukisema.

Nilimpakia, mama yake akaingia, nikazungusha ufunguo.

Tik.

Nikazungusha tena, hata ile tik haikuja.

Majirani walitoka, wakasukuma. Nikaachia breki. Gari likateremka kimya kama kasha tupu, naingiza gia, linatikisika, kimya. Naingiza tena, kimya. Tukafika chini kabisa bondeni, penye usawa, likasimama. Fundi aliwahi kuniambia na nikapuuza: betri ikiisha kabisa, hata kusukuma ni kujichosha, kwa sababu injini nayo inataka cheche ya kuanzia na cheche inatoka humo humo. Miezi yote hiyo nilikuwa nimejiandaa kwa mteremko. Mteremko ukaisha, na mtoto yuko kwenye kiti.

Nikamfunga mgongoni, na kanga ileile. Nilikimbia mpaka barabara kuu nikisikia kichwa chake kinagonga bega langu. Lori la mchanga ndilo lililotuchukua. Daktari alituuliza ilianza saa ngapi, tukasema saa nne. Akatazama saa yake ya mkononi, akaanza kusema, "Mngefika..." kisha akamgeukia nesi, akaomba damu.

Kabula aliishi. Mkono wa kushoto haukurudi wote. Unashika kikombe, haushiki sindano.

Siku ya tatu nilikwenda kwa fundi betri. Sikutoa shikamoo. Palikuwa na watu sita, saba, madereva wa magari ya mizigo, mama wa chai. Nikasema mbele yao wote kwamba anauza maji na kuyaita asidi, kwamba mwanangu amepooza mkono kwa sababu ya betri yake, kwamba mwenye mtoto asikanyage pale. Nililia pia, na hilo lilisaidia maneno yangu kuaminika. Nilipita na kwa muuza vipuri, nikasema. Nilisema kwenye basi. Mimi, mtu wa nyumbani, nilizunguka mji siku hizo kuliko miaka yote.

 Fundi alisimama na kile kipimo mkononi, akawa anaminya ule mpira, anaachia, anaminya.

Kabula alipotoka hospitali, wiki ya pili, nilimwona mtu aliyevaa nailoni anapanda mlima wetu, anasukuma baiskeli kwenye mawe. Mtu ambaye hakuwahi kwenda kwa mteja. Alipiga hodi, Mama Kabula akamkaribisha. Mimi nilibaki mlangoni kama kuku aliyelowa.

Fundi alikaa pembeni ya Kabula, barazani. Mtoto alikuwa anakunywa uji. Akamsalimia fundi vizuri, shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kibandani. Alilitazama gari. Tulikuwa tumelivuta kwa kamba mpaka mahali pake pa zamani, pua bondeni. Alilitazama muda mrefu, halafu akamgeukia mtoto.

"Nihadithie. Anza asubuhi. Baba akiamka anafanya nini?"

Kabula alisema polepole, mdomo bado mzito, "Anapiga mswaki. Ananiangalia. Halafu anaweka maji kwenye betri. Halafu anawasha gari. Halafu anazima."

Sikuwa na pa kutazama. Nilitazama miguu yangu.

Fundi hakunigeukia. Alikichukua kikombe cha uji, akakiinamisha kidogo. "Ona. Kikiinama, upande wa juu unakauka. Baba yako anaona pamekauka, anaongeza." Akaomba maji, akaziba upande wa chini kwa kiganja, akatia mpaka palipokauka pakafunikwa. "Sasa gari limefika barabarani, pako sawa, linarukaruka." Akakisimamisha, akaondoa kiganja, akakitikisa. Uji ukamwagika kwenye sakafu. "Kilichomwagika ni nini?"

"Uji."

"Alichoongeza?"

"Maji."

"Akifanya hivyo kila siku, siku ya ishirini wewe unakunywa nini?"

"Maji," alisema Kabula, akacheka kwa upande mmoja.

Basi. Lile gari halikukaukiwa hata siku moja. Lilikuwa limeinama tu. Mteremko niliouchagua ili kumwokoa ndio ulionidanganya, na mkono uliokuwa unamwaga ile asidi, tone kwa tone, kwa upendo, ulikuwa huu ninaoandikia.

Fundi aliomba lisogezwe nyuma ya nyumba, penye usawa kati ya mawe mawili. Akatia asidi aliyokuja nayo kwenye baiskeli, akafunga vifuniko, akamwambia Mama Kabula, hakuniambia mimi, "Asifungue." Alipewa ugali na sato, akala, akashuka na baiskeli yake. Kuhusu maneno yangu ya kibandani hakusema neno.

Aliyesema ni mke wangu, anapangusa uji sakafuni. "Utakwenda kuwaambia?"

"Akina nani?"

"Wale uliowaambia."

Nikasema nitakwenda. Nilikuwa na maana ya kesho. Kesho yake palikuwa na paa la banda la kuku la kurekebisha. Nyumbani hapakosi kazi kwa mtu anayezitafuta. Betri ile iliwaka kila asubuhi kwa miaka minne, na kila ilipowaka niliisikia, na kila nilipoisikia nilipata kazi nyingine ya paa la kuku. Nikawa namkwepa fundi. Nikienda mjini nilizungukia njia nyingine, na mimi ndiye nisiyependa safari ndefu.

Mwaka wa nne betri ikazeeka kwa haki yake. Nikaenda kununua mpya, na Kabula alikuwa nami, msichana mrefu sasa, anasoma darasa la sita. Pembeni mwa kibanda cha fundi palikuwa pamejengwa duka lenye sakafu ya vigae, limejaa zile betri mpya zisizofunguliwa, zimezibwa juu kama kaburi. Hazihitaji maji, hazihitaji fundi. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Wanaume watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi lake, wanakunywa soda. Nilipouliza bei, nikatupa jicho pale kibandani. Yule kijana akaliona jicho langu.

"Mzee, pale usijaribu," alisema. "Yule babu anauza maji. Kuna mtoto alipooza mkono kwa sababu yake. Watu wote wanajua."

"Kweli kabisa," alisema mmoja wa benchi. "Mtoto wa Kiseke. Baba yake alilia hapa hapa."

Kabula alikuwa amesimama karibu yangu. Aliuingiza mkono wa kushoto mfukoni mwa sketi, taratibu, kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Ndipo nikaona ni nani hasa aliyeubeba ule uongo miaka yote minne.

Fundi alikuwa kwenye debe lake. Kibandani mlikuwa na betri mbili tu. Nailoni ilikuwa imekuwa kubwa kwake, na alikohoa kwa muda mrefu kabla hajajua nani amesimama mbele yake. Macho yalikuwa yamefunga ukungu. Kile kipimo kilikuwa mapajani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani?"

"Baba Kabula. Wa Kiseke."

 Nyuma yangu soda zilikuwa zimeacha kugongana. Nikaipandisha sauti ili ifike dukani, kwenye benchi, na kwa mama wa chai, ambaye alikuwa bado yupo.

"Nimekuja kusema. Ile betri ya mwanangu niliiua mimi. Asidi yako ilikuwa nzima. Nilisema uongo hapa, na mkono wa huyu mtoto..."

"Sikusikii," alisema fundi.

Nikasogea, nikasema tena, kwa nguvu zaidi.

"Ninasikia. Ila umeanzia mchana." Alivuta debe la pili kwa mguu, akalisukuma kwangu. "Kaa. Anza asubuhi."

Nikakaa. Yule kijana wa duka alikuwa amekuja mpaka kwenye nguzo, na wale watatu nyuma yake. 

"Niliamka," nikasema. "Nikafungua boneti..."

"Ulipiga mswaki kwanza, baba," alisema Kabula. Akautoa mkono mfukoni, akauweka begani kwangu, ule wa kushoto, nami nikaanza upya.